Kwenye Mulolongo Papa Yako Hapumziki

Mwanangu Ngalula,

Unisamehe kwa kuchelewa. Maneno haya yalipaswa kutoka Jumatano, wakati ulikuwa umekaa mbele yangu na mimi nina kinywa. Nikanyamaza. Alhamisi tukafua nguo zako, nikanyamaza. Ijumaa nikakusuka nywele, kichwa chako kikiwa kati ya magoti yangu, mahali pazuri kabisa pa kusemea jambo, nikanyamaza tena. Leo tumetoka misa, wewe umeenda mtaa wa Kikula kumuaga bibi yako, kaku wetu, mdogo wako amelala mgongoni mwangu, na kesho asubuhi unapanda basi la Lubumbashi. Imebaki karatasi tu. Ukiona mahali mwandiko umeenda upande, ujue Ruti ameamka na anavuta kalamu.

Nikutoe wasiwasi kwanza. Hapa hutapata neno la sabuni, wala la kufunga mlango, wala la vijana wa Lubumbashi. Hayo nimekuimbia tangu una meno ya maziwa, na mama yako mdogo Kapinga atayarudia yote ukifika kwake, tena kwa sauti inayozidi yangu. Mimi nataka tuzungumze juu ya kazi yako, ile ya telefone.

Papa yako amepiga sasa hivi. Yuko Kasumbalesa, mpakani, ndani ya mulolongo wa kamyo za mizigo, ile foleni isiyoisha, tangu Ijumaa. Tuliongea hivi.

"Allo, Mama Ngalula. Mutoto ameisha kuenda?"

"Bado, ni kesho. Weye uko wapi?"

"Bado niko paka hapa. Asubuhi tulisogea kidogo, ile ya kusogea ya kudanganya mutu."

Nikaangalia telefone yangu, mahali uliponiwekea ile aplikasio yako ya kujaribu ili tumwone papa akiwa njiani. Pembeni ya jina lake palikuwa na rangi ya bluu.

"Mbona minye naona hapa unapumzika?"

"Nani?"

"Weye."

"Minye?" Nyuma yake honi zilikuwa zinalia, na mtu mmoja alikuwa anamtukania mwenziwe ukoo mzima. "Ngoja kwanza, ngoja." Nikasikia mlango, nikasikia injini inakohoa, inanguruma, inazima. Akarudi anahema. "Unasema napumzika?"

"Telefone njo inasema."

"Bon. Ambia iyo telefone ikuye hapa, tupumzike yote mbili."

Nilicheka, naye akacheka. Akaniambia, ambia mutoto aende muzuri, ambia asinikasirikie, kama si mulolongo ningemubebea valizi mwenyewe. Kisha rezo ya simu ikakatika. Nilipoweka telefone chini kicheko kiliisha, nikaenda kutafuta karatasi.

Mengine nitakayoandika unayajua tayari. Nayaandika hata hivyo, kwa mpangilio, kwa sababu nataka uweze kumsomea barua hii mwenzako wa kazi bila mimi kusimama pembeni kufafanua.

Jumatano, tulipomaliza kula, ulisukuma sahani pembeni ukaweka telefone katikati ya meza. Ukatueleza. Shofere akianza kazi anabonyeza kifungo cha kijani: Natembeza. Akimaliza anabonyeza cha bluu: Napumzika. Telefone inahesabu saa zake, na patroni anaziona akiwa kwenye ofisi yake Lubumbashi. Shofere aliyetembeza kupita kiasi anageuka mwekundu, na hapo patroni hana ruhusa ya kumtuma tena mpaka bluu yake itoshe.

Ngalula, nilisikia fahari mpaka nikasahau kutoa sahani. Katika ukoo wetu watu wamechimba, wameyeyusha, wameuza, wameendesha. Hakuna aliyewahi kukaa na kufikiri kitu cha kumzuia mtu asitumwe njiani akiwa amechoka. Papa yako alibonyeza kijani, akabonyeza bluu, akarudi kijani, mpaka ukamwambia, "Papa, itakufa." Na usisahau kwamba ni yeye aliyemwambia patroni wake, mbele ya mashofere wengine, kwamba ana binti anayesoma informatike. Bila mdomo wake, wewe na wenzako wawili msingeitwa.

Kisha akauliza, "Na kwenye mulolongo?"

"Mulolongo gani, papa?"

"Wa mpakani. Nikiwa pale nabonyeza gani?"

"Hubonyezi kitu. Kamyo ikisimama, telefone yenyewe inaweka bluu. Patroni njo alitaka vile. Injini imezimwa, mutu anapumzika."

Papa yako aliirudisha telefone mezani polepole, uso ukiangalia chini. "Kumbe minye ni mutu wa kupumzika sana," akasema. Wewe ukacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Yeye akachukua taulo akaenda kuoga.

Ni baada ya kuzima taa ndipo niliposikia kweli alichosema. Mtu atakaa kwenye mulolongo mpaka ndevu ziote. Atavuka, atapakua, atarudi, atakaa kwenye mulolongo wa upande wa pili. Akifika, telefone itakuwa bluu tupu, kana kwamba alikuwa likizoni. Patroni atapiga: pakia tena. Zamani, akiambiwa hivyo, shofere aliweza kujibu, "Patroni, nimechoka." Wangebishana, wangetukanana kidogo, mara nyingine patroni angemtazama macho na kumwacha alale. Sasa hatatazama macho. Ataonyesha telefone. Hatakuwa hata amesema uongo, kwa sababu telefone itakuwa imesema kwa niaba yake. Na uliniambia mwenyewe kwamba Jumanne mnafunga mchoro wa aplikasio, na kwamba patroni anataka kuanza mara moja na mashofere wachache, papa yako akiwa wa kwanza.

Usifikiri nakuandikia kwa kuwa najua kukupita. Kosa hilo nililifanya mimi kabla yako, na sikuwa na telefone ya kusingizia.

Ulikuwa ungali shule ya msingi. Ilikuwa siku ya mahari ya Kapinga, mama yako mdogo huyo huyo. Upande wetu ulimchagua papa yako kuwa msemaji. Unajua kwetu kazi hiyo ikoje: msemaji anakaa mbele, anasikiliza hotuba yote ya upande wa mume macho yakiwa wazi, kisha anajibu neno kwa neno. Asubuhi ile papa yako alifika moja kwa moja kutoka mpakani. Alisimama mlangoni na vumbi mpaka kwenye kope, akasema, "Mama Ngalula, nilale kidogo."

Nikamjibu, na naandika kama nilivyosema: "Ulale tena? Siku zote izi si ulikuwa umekaa ndani ya kamyo? Mutu mwenye kukaa anachoka nini?" Nikamshikisha shati lililopigwa pasi.

Tukakaa. Mjomba wa bwana harusi akaanza hotuba yake, akaianzia mbali, kule Kasai kijijini kwao, kwa babu wa babu. Kichwa cha papa yako kikainama. Watu walifikiri anatafakari, na mmoja wa baba zangu wadogo hata alitikisa kichwa kumsifu: huyu anasikiliza kwa kina. Kisha akakoroma.

Mjomba akakatisha hotuba. Akamtazama. Akasema, "Tuendelee, ao tumungoje mukwe wenu amalize ndoto yake?"

Vijana walicheka mpaka wakatoka nje, lakini wazee wao hawakucheka. Walisema tumelalia neno lao. Wakadai faini, na sisi, upande wa binti, ambao siku hiyo ni wa kupokea, tukatoa mbuzi! Mpaka leo bado wanamtania Kapinga: "Weye tulikuoa na bakatuongeza mbuzi juu." Nilitamani ardhi initafune. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilimwekea papa yako bukari na mboga mezani bila neno, sahani chini, kifuniko juu, nageuka. Na yeye hakujitetea. Siku moja tu alisema, "Kuna siku tutaenda pamoja." Nikafikiri ananitania.

Tulienda. Nilikuwa nimepata kazi ya kushona sare za shule, na vitambaa vilikuwa rahisi zaidi mpakani, basi nikapanda kamyo yake. Unajua nilibeba nini? Mto. Ule wa maua, niliotarizi mwenyewe. Nilijiambia, kwa vile tutakuwa tunangoja tu, na mimi nitapata kulala kama mtu, mbali na cherehani na watoto.

Ngalula, mto ule haukulaliwa.

Mulolongo ulianzia mahali ambapo mpaka wenyewe hauonekani. Papa yako akazima injini ili asichome mazutu ya patroni. Jua likaingia ndani ya kabini, likakaa nasi kama abiria. Ndiyo kwanza nifumbe macho, honi nyuma. Kamyo ya mbele imesogea. Washa, sogea urefu wa kamyo moja, zima. Nafumba macho tena, honi. Ukichelewa kidogo, kamyo nyingine inaingiza pua kwenye nafasi yako, na hapo kelele, watu wanashuka, mmoja ameshika chuma. Na hata mulolongo usiposogea, kuna wale vijana wenye mpira wa kunyonyea mafuta na bidoni. Wanapita wanaangalia vichwa. Wakiona kichwa kimeinama, wanachukua mazutu, ao wanapasua turubai. Na kikipungua kitu, analipa shofere.

"Weye angalia kioo cha kuume," papa yako akaniambia. "Minye naangalia cha kushoto."

Yeye alikuwa na namna yake ya kulala. Alishika funguo kwenye ngumi, mkono umening'inia juu ya mguu. Usingizi ukiwa mwepesi, ngumi inabaki imefungwa. Ukizama, ngumi inaachia, funguo zinaanguka kwenye mguu, anaamka. Nilimwona akifanya hivyo mchana kweupe, jasho likimtiririka, na kila mara zilipoanguka aliziokota bila kulalamika, kama mwanamke anavyookota sindano.

Nikamuuliza, "Na hii njo kulala?"

"Hii ni kulala ya mulolongo."

Tuliporudi nyumbani Likasi, kaku yako alinikuta nimeketi kwenye ngazi, siwezi hata kuvua viatu. "Umechoka nini?" akaniambia. "Si mulikuwa mumekaa?" Nikafungua kinywa nimjibu vikali, nikakifunga. Yalikuwa maneno yangu yale yale.

Sikumwomba papa yako radhi kwa mdomo. Nilitandika kitanda, nikafunga madirisha, nikawafukuza ninyi watoto mkacheze kwa jirani, nikasimama mlangoni kuzuia wageni. Alilala mpaka alipoamka mwenyewe. Alipotoka akakuta nyumba kimya, akaogopa: "Kuna mutu amekufa?" Tangu siku hiyo, akitoka mpakani, hakuna mahari, hakuna kilio, hakuna mkutano wa jumuiya ya parokia unaomtoa ndani. Watu wamenisema sana kwa hilo. Waache waseme.

Najua utanijibu nini, maana ulianza kunijibu Jumatano kabla sijauliza. Utasema, tukimpa shofere kifungo cha tatu, cha Nangoja, atakibonyeza akiwa kwenye bia. Ni kweli. Mashofere wanadanganya. Papa yako mwenyewe amewahi kuniambia amekwama Lubumbashi, na huku nyuma nasikia muziki wa kwa rafiki yake wa hapa hapa mtaani Panda. Sikuombi uwaamini kama malaika. Nasema tu kwamba ninyi mmeogopa uongo wa shofere, mkaweka uongo mwingine mahali pake, na huu wa pili hauna mtu wa kuulizwa.

Jinsi ya kupambanua mtu anayengoja macho wazi na mtu aliyelala, hiyo ni shule yako, si yangu. Lakini ni wewe uliyenionyesha, siku ile tukipika, kwamba telefone inasikia hata nikiisogeza kutoka hapa mpaka pale. Ni wewe uliyesema inajua iko wapi, hata pasipo rezo. Mahali pa mulolongo kila mtu anapajua. Na hakuna mtu anayesogeza kamyo mara kwa mara huku akiwa usingizini. Umalizie mwenyewe.

Nikusimulie jingine, hili la cherehani. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa salopeti, ovaroli za kazi, za makanika wa garaje moja hapa mjini. Nilikuwa msichana tu, wewe ukinyonya. Nilienda na futi yangu, nikawapanga mstari, nikawapima mmoja mmoja wamesimama wima, vifua mbele, kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Nikashona vizuri mno. Walivaa asubuhi, mkubwa wao akanisifu. Kisha wakainama kufanya kazi. Nasema kweli, nilisikia mwenyewe, prrr, prrr, kutoka mgongoni mpaka pabaya. Mmoja akatoka chini ya gari ameshika nyuma kwa mikono miwili: "Mama, umetushonea nguo za kupokea komunyo!" Nilifumua zote. Tangu hapo, mteja akija, simpimi mpaka ameinama, ameketi, ameinua mikono kama anayefunga balbu. Wengine wananiona nina wazimu.

Ninyi mmempima shofere amesimama, mbele ya meza ya patroni. Sikucheki, nilifanya vile vile. Nakuomba tu, kabla hamjashona, mwende mkamwone ameinama. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa si safari. Panda kamyo ya mtu yeyote, ukae mchana mmoja tu. Acha mto nyumbani.

Sasa neno ambalo ni gumu kwangu. Wewe ni mtoto wangu, na ninaogopa umenifuata katika jambo moja. Mimi ni mtu wa kuchelewa kusema. Nilipokuwa na mimba yako, dada mkubwa wa masomo, mtawa aliyeongoza shule yetu, alikuja nyumbani, akakaa pale kwenye kiti cha kaku, akaniuliza mimi, si wazazi, mimi: "Ukisha kuzaa, unataka kurudi?" Nilitaka. Lakini kulikuwa na watu wazima chumbani, nikaangalia miguu yangu nikingoja mtu mwingine anijibie. Baba yangu akajibu. Akasema hapana. Dada akangoja kidogo, bado ananitazama mimi, kisha akachukua mkoba wake. Wewe si hasara katika hesabu hiyo, unisikie vizuri, sijawahi kukuhesabu hivyo hata siku nilizokuwa na njaa. Kosa ni ile miguu niliyoiangalia. Na hata mwaka huu nimefanya tena: mama mmoja ananibadilishia bei ya sare kwa Kifaransa cha haraka, mimi "ndiyo madame, ndiyo madame", kisha nakuja kulia juu ya cherehani.

Jumatano nilikuona. Papa yako alipouliza habari za mulolongo, jicho lako lilisita. Ulijua. Ulijua kwamba kuna kitu hapo, kisha ukasema, "Patroni njo alitaka vile." Sauti ile naijua, ni yangu.

Sitaki uache kazi. Usije ukaninunia na kurudi Jumatano na valizi ukisema umefanya alivyotaka mama. Nataka ukae pale pale, kwenye kiti walichokupa, na Jumanne kabla hawajafunga useme: kuna kifungo kimekosekana. Usiseme mama yangu amesema. Usiseme papa yangu, maana watasema binti anampigania baba yake. Sema mashofere wenu wataanguka njiani, na kamyo ni zenu, na mzigo ni wenu. Hapo patroni atasikia. Akikujibu kwa haraka, mwombe arudie polepole. Si aibu. Akisema tutaona baadaye, uliza baadaye ni siku gani. Wenzako wakikuangalia, waangalie. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, mradi inatoka.

Na jambo moja lazima ulijue, si kwa kukutisha, ni kwa sababu kukuficha kungekuwa kukuchezea. Baada ya Jumatano niliongea na papa yako. Alisema, ikibaki na vifungo viwili, kidole chake hakitaigusa. Unajua maana yake: patroni anaweza kumpa mtu mwingine kamyo. Tumelizungumza, tumelikubali. Cherehani ipo, mikono ipo, na papa yako ana marafiki kwenye garaje. Hilo ni letu sisi wawili. Lako ni kusema Jumanne. Wakikataa baada ya wewe kusema, utarudi hapa Noeli na utakula kwenye meza hii, na hakuna atakayekutazama vibaya. Lakini usiponiambia ukweli, ukiniandikia "wamekataa" na kumbe hukufungua kinywa, hilo nitalijua, na hilo litaniuma.

Ruti ameamka. Ameanza kuvuta karatasi, na nasikia watu wanakusalimia kule barabarani, bila shaka unafika. Nitaiweka barua hii kati ya blauzi zako, uikute kesho ukifungua valizi.

Vitu ninavyohitaji unitumie ni hivi, usiongeze. Usinitumie kitenge, wala mafuta ya kupaka, fedha yako ya kwanza ikae kwako. Nahitaji uzi mweupe ule mgumu, wa sare, hapa wanauza ule unaokatika. Nahitaji chaja ya kuchomeka kwenye kamyo, ya papa yako imekufa, na telefone yake ikizimika mulolongoni simpati. Nahitaji sauti yako, si maandishi, ikieleza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, polepole, shofere abonyeze wapi akifika mpakani, kwa sababu mwenzake wa papa yako, Papa Musoka, hasomi, naye ataomba asikilize. Nahitaji picha ya ukurasa wa mbele wa aplikasio jinsi itakavyokuwa Jumanne jioni, nihesabu vifungo mwenyewe. Na kama wamekataa, nitumie neno hilo pia, siku hiyo hiyo, kama walivyolisema. Mulolongo ukimwachia, papa yako anaweza kufika Jumatano asubuhi, na mimi nataka nijue, kabla patroni hajapiga, kama nimfungie chakula cha njiani, aende kurudisha funguo za kamyo, ao nimtandikie kitanda.

Mama